Koti la Shemeji Ogola

Muhuru Bay, Migori
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Wakesho,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wanao wote, kisha umpelekee Mama zake kando, maana hapendi kuchanganywa kwenye fungu moja na watu wengine. Mguu wake unaendeleaje? Anakunywa dawa kweli, au bado anazificha chini ya mto na kukuambia zimekwisha? Tulisikia mvua hizi za El Niño zilikata barabara ya Mombasa, na kwamba hapo Voi watu walilala ndani ya mabasi wakingoja maji yapungue. Huku nasi hazikutuacha. Mimi na watoto ni wazima wa mwili. Ya moyo nitakueleza taratibu, kwa hiyo kaa kitako, na kama una sufuria motoni iondoe kwanza, nakujua.

Barua yako niliipata. Umeniandikia kwamba redio imetangaza wajane wa askari wa akiba sasa watalipwa kama wajane wa polisi wa kudumu, na watoto wao watasomeshwa mpaka kidato cha nne. Ukaandika, "Umeula, mdogo wangu." Halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo kama mtu anayenong'ona, ukasema mtoto wa kaka Mwakio amekosa karo na mimi sasa niwakumbuke. Nilicheka, Dada. Nilicheka mpaka mwanangu Ouma akaacha kula akaniangalia. Sikukukasirikia wewe. Hata mimi niliposikia tangazo lile mara ya kwanza niliimba siku nzima nikianika omena, hawa dagaa wa ziwani, na wenzangu ufukweni wakaniuliza kama nimepata mchumba.

Wewe hukuwahi kuifahamu vizuri kazi ya marehemu, nami sikulaumu, kwa sababu haikuwa kazi. Okech alipopunguzwa bandarini tukaja huku kwao na magunia yetu mawili na kitanda. Hatukukaa sana, chifu akaitisha baraza. Ng'ombe walikuwa wakiibwa ovyo na kuvushwa mpaka, na polisi wako mbali, kwa hiyo kila kijiji kitoe wanaume wake. Walimchagua Okech kwa sababu alikuwa na kifua na hakuwa mlevi. Wakampa bunduki na risasi chache, wakampigia makofi. Mshahara hapana. Buti alinunua mwenyewe za mitumba, moja ikimbana. Nilimuuliza, "Sasa wewe ni askari au si askari?" Akaniambia, "Nikiwa na bunduki mimi ni askari. Mwisho wa mwezi mimi ni mkulima." Alikuwa na maneno yule mtu. Ndiyo sababu nilimfuata mpaka huku.

Siku ile waliyochukua ng'ombe wa jirani, yeye na wenzake wawili waliwafuata wezi mpaka kwenye mawe kule juu. Alipigwa risasi ya tumbo. Walimbeba nyumbani juu ya mlango walioung'oa kwa mwalimu. Ng'ombe hawakuwa wetu, Dada, ujue hilo. Sisi hatukuwa hata na mbuzi.

Nakuandikia jambo ambalo sikumwambia Mama siku za msiba. Kabla mwili haujaoshwa gari la serikali lilifika, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani wamekuja kutufariji, nikaanza kutafuta viti. Walikuja kuchukua bunduki. Walihesabu risasi mbele ya mama yake, moja baada ya nyingine, wakauliza mbona zimepungua. Kaka yake Okech akawaomba watusaidie kupeleka maiti mochari. Wakasema hawana mafuta ya kwenda na kurudi. Bunduki iliondoka imeketi kiti cha nyuma, na Okech akaondoka kwenye trekta ya miwa. Tangu siku hiyo nikiliona gari la rangi ile naacha njia.

Basi tukazika. Na baada ya kuzika ndipo likaja lile neno ambalo watu wa kwetu hulinong'ona wakisikia mtu ameolewa Ujaluoni. Mjane lazima arithiwe. Huku mjane huitwa chi liel, maana yake mke wa kaburi. Anabaki kuwa mke wa marehemu mpaka naye afe, hata akizaa tena watoto ni wa marehemu. Lakini lazima ndugu mmoja wa mume aingie nyumbani mwake, afungue njia. Bila hivyo huruhusiwi kutangulia kupanda, paa lako halikarabatiwi, mwanao wa kiume akikua hawezi kujenga, na hata kuingia kwa jirani kumjulia hali mgonjwa ni shida. Watu wanaamini kabisa kwamba ukivunja jambo hilo watoto watakonda na kufa, laana wanayoiita chira. Nisikudanganye, nilipiga moyo konde nikawaambia wazee mimi sitaki mwanamume, nimezika wangu inatosha. Wakanisikiliza kwa adabu kama watu wanaosikiliza mvua juu ya bati.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Wewe ulimwona mara moja tu, siku ya mahari, ukasema ana macho makali. Macho ni makali kweli. Lakini ni Msabato wa kufa mtu, na kanisa lake halitaki mambo ya kurithi wajane. Akaona ukoo unavuta huku, kanisa linavuta kule, na mimi nimekaa katikati nimenuna. Akawaambia wazee hata zamani ilikuwapo njia nyingine kwa mjane mgonjwa au mzee. Koti la shemeji linaletwa, linatundikwa ndani ya nyumba, linalala, asubuhi linarudi kwa mwenyewe. Mambo yamekwisha, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

Wazee wakakubali. Ogola, mdogo wake Okech anayeendesha trekta za miwa kule Awendo, akaleta koti lake, la kahawia, mfuko mmoja umechanika. Mama mkwe alilitundika mwenyewe kwenye msumari akatoka. Nililala na wanangu, na koti likalala ukutani. Asubuhi Ogola akalichukua, akanywa chai nje, akaenda kazini. Kuanzia hapo nikawa mtu. Nilipanda mahindi, nikaingia kwa majirani, wanawake wakanikaribisha. Kanisa liliridhika, ukoo uliridhika, na mimi niliridhika. Hata nikasema moyoni kwamba watu hawa ninaowaona wagumu wana akili kuliko wanavyosemwa.

Sasa uje kwenye tangazo lenu la redio. Akinyi alikuwa amefaulu vizuri darasa la nane, ameitwa shule ya wasichana ya bweni upande wa Kendu Bay. Barua ya kuitwa ilikaa kwenye meza nikiogopa hata kuigusa. Nilikuwa nimekopa kila mtu anayekopeka ufukweni na sikuwa nimefika hata robo. Kwa hiyo tangazo lilipokuja, Dada, nililiona kama Okech mwenyewe amenyoosha mkono kutoka kule aliko. Tukaambiwa majina ya askari walioandikwa kabla wilaya haijagawanywa yako Homa Bay, kwa hiyo si Migori, twende Homa Bay mbele ya kamati, na mjane aje na mtu mzima wa familia ya mume atoe ushahidi. Mama mkwe akasema ni yeye. Akavaa gauni lake la Sabato, lile jeupe, akajipaka mafuta miguu, akashika mwavuli.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye mabenchi, na wajane tulijaa. Mwenyekiti ni kijana Mjaluo kama wao, tai imekaza shingo, mpole wa sauti. Sikumchukia mwanzoni. Aliuliza jina, akauliza watoto, akatikisa kichwa kwa huruma aliposikia ile risasi ya tumbo. Kisha akamgeukia mama mkwe.

"Mama, huyu mjane ya kijana yako anakaa wapi?"

"Anakaa kwake. Kwa boma ya bwana yake."

"Hajaolewa mahali ingine?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mpaka leo siwezi kumlaumu bibi yule. Kwake yeye kuulizwa kama nimeolewa ni kuulizwa kama nimetoroka, kama nimewatupa watoto nikafuata mwanamume wa ukoo mwingine. Alijisikia ametukanwa yeye na mimi pia. Akasimama wima, akaegemea mwavuli.

"Aolewe wapi? Huyu ni bibi ya hapo nyumbani. Hajaenda mahali. Sisi tulimrithisha vizuri, kila kitu ilifanywa, hakuna kitu tuliacha. Uliza mtu yeyote."

"Alirithiwa na nani, mama?"

"Na ndugu ya bwana yake. Ogola. Iko na kazi Awendo."

Yule kijana akaandika. Nikaona kalamu inavyokwenda. Nikainuka nikasema, "Mheshimiwa, lilikuwa koti tu. Ogola hajawahi kulala kwangu."

Mabenchi yakaanza kucheka. Naye akatabasamu kidogo.

"Hiyo koti iliingia kwa nyumba ama haikuingia?"

"Liliingia."

"Ilitoka lini?"

"Asubuhi."

"Basi ililala."

Wakacheka tena, wajane wenzangu, ambao nusu yao najua wana makoti yao. Kijana akaweka kalamu chini akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Mjane akipata mume mwingine malipo yanakoma, na watoto wanakuwa mzigo wa huyo mume. Ogola ana mshahara Awendo. Serikali haiwezi kusomesha watoto wa mtu mwenye mshahara. Nikamwambia, "Lakini wewe ni mtu wa huku. Unajua mimi bado ni mke wa Okech. Hata nikizaa kesho mtoto ataitwa wa Okech."

"Hiyo mimi najua kuliko wewe, nyar Taita," akasema, yaani binti wa Taita, na wala hakusema kwa ubaya. "Mama yangu mwenyewe alirithiwa. Lakini hapa swali iko moja tu, ako na bwana ama hana. Kama hiyo maneno ya koti si kweli, mlete Ogola aape, ama huyu mama arudi aseme vingine. Siku ya mwisho ni mwezi ujao."

Nilitoka nje. Watu hawa waliompa Okech bunduki hawakutaka kujua kama yeye ni askari au mkulima. Sasa amekufa wanataka kujua kwa usahihi kabisa koti la ndugu yake lililala wapi. Desturi ambayo kila mtu huilaani kuwa ni ya kikatili ilitosheka na koti. Serikali ndiyo iliyoliona koti lina miguu na mikono.

Mama mkwe alinishika mkono tukishuka ngazi. Alikuwa amechangamka. Akaniuliza kwa Kijaluo, "Nimesema vizuri?" Nikamwambia ndiyo, mama, umesema vizuri. Tulinunua mkate tukaula njiani na akanisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akija Homa Bay kwa miguu.

Siku iliyofuata nikaenda Awendo. Nilimkuta Ogola anarudi kazini, makapi ya miwa yamejaa kwenye nywele. Ni mtu mwema, Dada, sitaki umfikirie vibaya ukisoma haya. Aliposikia shida yangu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akashika kichwa. Mkewe, Atieno, ndiye aliyeanza.

"Aende aape," akasema. "Mimi nilikuwa hapa nikaambiwa koti ya bwanangu imeenda safari. Hata hawakuniuliza kama hiyo siku kuna baridi."

Nilitaka kucheka. Ogola hakucheka. Akasema, "Shemeji, mimi nataka mtoto asome. Huyo Akinyi ni damu yangu. Lakini nikisimama mbele ya watu niseme sikuingia kwa nyumba ya Okech, hiyo ni kusema nimemtupa. Nimeacha nyumba yake imefungwa. Na nikishasema, chira itaingia hapa. Si kwako. Hapa." Akaonyesha mlangoni, walipokuwa wanawe wawili wadogo wakicheza na vipande vya miwa.

Atieno aliwatazama watoto wale, kisha akaenda kuweka chai, na hakusema tena habari ya kuapa. Nami nilijua nimekwama. Ningewezaje kumwambia Atieno kwamba hofu yake ni upuuzi, wakati mimi mwenyewe, msomi wa darasa la saba, niliwahi kuamka kumsikiliza Ouma kama anapumua siku nilipopanda kabla ya kuambiwa? Ogola aliniambia mwishoni, "Mama akisema, mimi sitapinga. Lakini mimi mwenyewe mdomo yangu haiwezi."

Kwa hiyo ilinibidi nirudi nikamwambie mama mkwe kwamba hakusema vizuri. Dada, nimebeba maji, nimebeba omena, nimebeba maiti ya mume wangu kwa macho, lakini maneno yale yalinishinda uzito. Tulikuwa ufukweni tunageuza omena juu ya nyavu. Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho, kwamba pale Homa Bay jibu lake ndilo lililomfungia Akinyi mlango. Hakuinua kichwa. Aliendelea kugeuza omena kwa vidole, zile zilizokwisha kukauka na zile mbichi, zote sawasawa. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo nikisema wewe ni mke wetu, mtoto hasomi." Nikamwambia ndiyo. "Na nikisema nyumba ya mwanangu imeachwa, mtoto anasoma." Nikamwambia ndivyo. Akajifuta mikono kwa leso akaenda nyumbani.

Zilipita siku kadhaa. Nilisikia anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, wimbo mmoja huo huo. Mimi nilianza kuzoea wazo kwamba Akinyi atakuwa muuza omena kama mimi, na Akinyi naye alianza kulizoea, jambo lililoniuma zaidi. Aliacha kusoma vitabu vyake. Alivifunga kwa kamba akavisukuma chini ya kitanda, kisha akaniuliza bei ya debe la omena imefika wapi.

Halafu asubuhi moja mama mkwe akasimama mlangoni kwangu amevaa gauni lile lile jeupe. Haikuwa Sabato. Akasema, "Twende."

Mbele ya kamati hakungoja kuulizwa. Alisema kwa Kiswahili, kwa makusudi, ili wote wasikie, pamoja na wale wasio Wajaluo.

"Mimi ni mzee na nilidanganya nyinyi. Hakuna koti iliingia. Nilitaka nyumba ya kijana yangu ionekane mzuri mbele ya watu. Huyu hajarithiwa na mtu. Nyumba iko tu hivyo."

Ukumbi haukucheka safari hii. Wanawake wa huku walielewa vizuri alichokisema. Alikuwa amesimama pale akiita ubaya uingie kwenye boma lake mwenyewe, juu ya wajukuu wake mwenyewe, na alikuwa anaamini kila neno. Na tena alikuwa anasema uongo, yeye ambaye humrudishia muuza sukari senti akikosea chenji. Yule kijana alimtazama muda mrefu. Alijua anadanganya. Sote tulijua kwamba anajua. Kwa mara ya kwanza nikaona aibu kwenye uso wake, lakini aibu haikumzuia kumletea wino aweke kidole gumba. Akasema, "Asante, mama. Sasa iko sawa." Ndivyo alivyosema, iko sawa.

Karo ya Akinyi imelipwa, Dada. Hiyo ndiyo habari njema na nakupa bila kuipunguza. Nilimpeleka mwenyewe na sanduku jipya, na tai ya shule alijifunga mara tatu kabla haijakaa, na alipoingia geti hakugeuka nyuma, nikajua atasoma. Mimi nami nitapata kiasi fulani kila mwezi wakishamaliza kusukumiana makaratasi. Na kila Januari lazima niende na barua ya naibu wa chifu inayothibitisha kwamba sina mwanamume. Anakuja nyumbani kuangalia. Amekuja tayari mara moja, akachungulia chumbani, akaangalia misumari ukutani, akaomba radhi akaondoka.

Lakini maneno ya Homa Bay yalifika nyumbani kabla yetu. Wazee wakaketi. Walisema hawana ugomvi na mimi, ila mama mwenye boma ameapa mbele ya serikali kwamba koti halikuingia, basi halikuingia. Hawawezi kuwa na koti kijijini na wasiwe nalo Homa Bay. Nilisema tulete lingine kimyakimya. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Na Januari utamwambia naibu wa chifu nini?" Kwa hiyo mimi sasa ni mjane ambaye hajafunguliwa njia. Upepo wa mvua hizi uling'oa mabati mawili ya nyumba, na hakuna mwanamume wa ukoo huu anayeweza kupanda kuyapigilia. Nimeweka turubai na mawe. Mahindi ya wenzangu yamechipua na mimi nangoja kila mtu amalize kupanda. Jirani yangu, ambaye tulikuwa tukiombana chumvi, hunisalimu vizuri sana, kutoka upande wake wa ua.

Mama mkwe haingii kwangu tena, wala mimi kwake. Chakula hukipeleka Ouma. Jana tulikutana njia ya ziwani, akasimama, akanitengenezea kamba ya kikapu iliyokuwa imelegea, akaendelea na safari yake. Jumamosi hizi mbili hajaenda kanisani. Anasema mgongo. Laiti ningeweza kumkasirikia yeye, hasira hiyo ingekuwa nyepesi kubeba. Hasira niliyonayo ni kwa wale walioandika sheria ya kumlipa mke wa Okech kwa sharti kwamba asiwe mke wa mtu, hata wa Okech.

Usiniambie nirudi. Najua utaandika hivyo, na Mama atalia ili uandike kwa herufi kubwa. Akinyi ana miaka minne mbele yake, na Ouma yuko darasa la sita, anakuja nyuma yake. Mpaka wote wamalize mimi nitakaa hapa nikithibitishwa kila Januari.

Sasa nakuachia salamu. Mwambie Mama kwamba mjukuu wake anavaa tai na kwamba mimi nimenenepa, hilo la pili ni la kumfurahisha tu. Msalimie Mjomba, yule aliyepokea mahari, mwambie wakwe zake hawajamwaibisha, wala asije akasikia vingine kwa watu. Shangazi wa Wundanyi mpe pole ya ng'ombe wake aliyeanguka bondeni. Watoto wako wabusu mmoja mmoja.

Kaka Mwakio mweleze kwamba karo ya mwanawe sina, na asinifikirie nimekuwa mchoyo. Msomee barua hii sehemu utakazoona zinafaa. Lakini hii ya mwisho msomee yote. Huku mjane akifa bila kurithiwa, hazikwi hivi hivi. Anatafutwa kwanza mwanamume mgeni, analipwa, anaingizwa kwa maiti afanye ambayo sitakuandikia. Koti lilikuwa limenitoa kwenye jambo hilo, na sasa nimerudishwa. Kwa hiyo mwulize Kaka, pole pole, akiwa ameshiba, kama kwenye shamba la Baba pale Mwatate, upande ule aliozikwa Baba, pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Mwambie si ya kulima.

Ni mimi mdogo wako,
Mshai